Harambee ya Vyuma Saba

Wanaume tisa wa kamati ya klabu yetu ya gofu, ambao miongoni mwao hakuna aliyewahi kumaliza mashimo kumi na manane kwa mikwaju pungufu ya tisini, waliketi Jumamosi moja ya mwaka 2001 kuamua binti yangu apewe vyuma gani. Walikunywa chai mara mbili. Nzilani mwenyewe, aliyekuwa akizunguka uwanja ule kwa mikwaju themanini na kitu, hakuitwa ndani. Aliachwa barazani, akiwa amesimama.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Klabu moja kubwa ya Nairobi ilikuwa inatafuta mwanamke wa kuwafundisha gofu akina mama na watoto. Nzilani aliandika barua na kujibiwa kwamba mkaguzi angekuja Machakos baada ya wiki tatu kumtazama akicheza. Akimaliza kwa mikwaju themanini na nne au pungufu, kazi ni yake. Akizidisha hata mmoja, wangemwita mwingine. Binti yangu alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na alikuwa amebeba mifuko ya watu kwenye uwanja ule tangu alipomaliza shule. Nafasi ya pili isingekuja.

Fimbo ndefu ya kuanzia alikuwa nayo, na ya kumalizia pia. Alichokosa ni vyuma, yaani zile fimbo za katikati zenye vichwa vya chuma, kuanzia cha nne hadi cha tisa na kile kifupi cha kudokoa mpira karibu na shimo. Vile alivyozoea vilikuwa vya daktari mmoja wa hospitalini, na daktari alikuwa amehamishwa, akaondoka navyo.

Kamati ilitoka na uamuzi: kutafanyika harambee. Lakini haikuwa harambee ya kununua seti moja inayolingana, kwa maana hapo jina la nani lingetajwa? Ilikuwa harambee ya vyuma. Kila mheshimiwa angetoa kimoja, mbele ya watu, jina lake likisomwa kwa kipaza sauti.

Mimi hufagia na kuosha vyumba vya kubadilishia nguo pale klabuni, na siku ya harambee nilikuwa nimepanga viti chini ya turubai. Niliona yote. Mwenyekiti Urbanus, mwenye kituo cha petroli, alisimama akiwa amevaa glavu ya gofu mkono mmoja, kana kwamba mpira ungeweza kumrukia wakati wowote.

"Mimi natoa chuma cha nne!" alisema. "Hii chuma imefuliwa kwa nyundo, si hizi za kumiminwa kama sufuria. Hii ndiyo mabingwa wanapiga. Iangalieni, nyembamba kama kisu!"

Watu wakapiga makofi. Ilikuwa kweli kwamba chuma kile kilikuwa chembamba kama kisu, na ilikuwa kweli pia kwamba Urbanus alikuwa amekimiliki miaka minne bila kukipiga sawasawa. Kila Jumapili kilipeleka mpira kichakani, naye kila Jumapili alilaumu upepo.

Kulikuwa na ugomvi juu ya chuma cha saba, kwa kuwa ndicho hutumika mara nyingi na kingeonekana zaidi. Mwalimu mkuu mstaafu, Bwana Muthoka, alikishinda kwa kupaza sauti kuliko wengine. Cha tisa hakuna aliyekitaka.

"Tisa ni ya wanawake," mmoja alisema.

"Na tunampatia nani, ng'ombe?" akajibu Githinji, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na turubai zima likacheka. Githinji alitoa chuma cha nane, kizuri, kinachong'aa, kilichokuwa kimetundikwa kwenye ukuta wa duka lake miaka mingi. Nzilani alipokipokea kwa mikono miwili akakitazama, aliinama ili watu wasimwone uso. Kilikuwa cha mtu anayepiga kwa kushoto.

"Bwana Githinji," alimwambia baadaye kwa adabu, "hiki ni cha mkono wa kushoto."

"Utazoea," Githinji akasema.

Siku iliyofuata Nzilani alicheza na vyuma vile saba, kila kimoja, isipokuwa cha tisa, kikiwa kimebandikwa karatasi yenye jina la mtoaji. Kimoja kizito, kingine chepesi. Kimoja kirefu kuliko kile kinachopaswa kukizidi. Cha mwalimu mkuu kiliinua mpira juu ukaanguka karibu. Cha Urbanus kiliupeleka chini, kisha kulia, kisha mahali ambapo hatukuupata tena. Alimaliza kwa mikwaju tisini na saba.

Alifika nyumbani akaweka mfuko mlangoni, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mwaitu," aliniambia, maana ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, "nisipate kazi kwa sababu sijui kucheza, hiyo nitakubali. Lakini nisipate kwa sababu ya hizi takataka?"

"Lete hapa," nikamwambia.

Baba yangu alikuwa mhunzi kule Mitaboni. Alifua majembe, mapanga na tezo za wachonga vinyago, na mimi nilivuta mivuo yake tangu nikiwa mdogo hadi nilipoolewa. Sijawahi kupiga mpira wa gofu. Lakini chuma nakijua, na kichwa cha fimbo ya gofu hakijui kwamba kimeingia kwenye mchezo wa wakubwa. Kinafuata tabia zilezile za jembe.

Nilikitundika kila kimoja kwa uzi kwenye boriti, nikakigonga kwa kijiko. Chuma kilichomiminwa kwenye kalibu hulia juu, kama kikombe. Kilichofuliwa hutoa sauti fupi na nene, kisha hunyamaza. Kati ya saba, viwili tu vilikuwa vya kufua: kile cha Urbanus, na cha tisa, ambacho hatimaye kilitolewa na mtu asiyetaka kutajwa.

"Basi cha mwenyekiti ni kizuri?" Nzilani akauliza.

"Ni kizuri kwa mtu ambaye hakosei kamwe. Unamjua?"

Nikamweleza kama baba alivyonieleza mimi habari za majembe. Jembe lililofuliwa vizuri hukuambia mkononi kila kitu unachokigusa, udongo laini, mzizi, jiwe. Hiyo ni faida, kwa sababu mkono unaoambiwa ukweli hujifunza. Lakini ukilifanya jembe hilo kuwa jembamba na uzito wote ukauweka katikati, siku utakayopiga pembeni litajipinda mkononi na maumivu yatafika kwenye kiwiko. Ukitaka lisamehe, unahamisha uzito kidogo uende kwenye kingo, ili hata likigonga pembeni lisigeuke. Ukizidisha, linakuwa pana na zito, halikuambii lolote, na huwezi kulielekeza kati ya mistari ya maharagwe. Hodari wa kufua ni yule anayejua aishie wapi.

Nzilani alikishusha chuma cha Urbanus, akakigeuza kisogo.

"Ziko," alisema. "Vyuma vya kufua, lakini kisogo kimechimbwa kidogo, uzito ukabaki kwenye kingo. Daktari alikuwa nazo. Unausikia mpira, unaweza kuuelekeza, na ukikosea kidogo hakikuaibishi."

"Hizo ndizo tutakazotafuta."

Kwanza nilifanya lililo sawa. Nilimwendea Urbanus Jumatatu, nikamkuta kituoni kwake, nikamwomba kwa heshima kamati ikubali vyuma vile vibadilishwe vyote kwa seti moja inayolingana. Nilimweleza sababu.

Alinisikiliza huku akichokoa meno.

"Mama Nzilani, wewe umeosha choo za klabu miaka ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na umecheza gofu miaka ngapi?" Alingoja wafanyakazi wake wamalize kucheka. "Sasa ukicheza, njoo unifundishe chuma. Kwa sasa endelea na sabuni. Na umwambie huyo msichana, siku ya mkaguzi sisi wote tutakuwa pale. Kila mtu anataka kuona chuma yake ikipigwa. Mimi yangu ataanza nayo shimo ya kwanza. Nimeshasema hivyo kwa watu."

Nilimshukuru, kwa kuwa nilifunzwa kushukuru, nikaondoka. Lakini nilikuwa nimeondoka na jibu. Mtu aliyetoa zawadi kisha akapanga itumike shimo lipi hajatoa chochote. Amekodi mkono wa mwanangu ili umtangaze.

Sokoni kulikuwa na mama mmoja aitwaye Wacera, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Nyeri miaka mingi iliyopita, aliyeuza vitu vilivyotumika: pasi, baiskeli za watoto, masufuria, viatu vya kuchezea. Nyuma ya kibanda chake, ndani ya pipa la plastiki pamoja na miavuli, mlikuwa na vyuma saba vilivyofungwa kwa kamba. Alivipata kwenye mnada wa vitu vya nyumba ya watu waliohama nchi.

Nzilani alikichukua kimoja akakigeuza. Kisogo kilikuwa kimechimbwa, kingo nene kiasi, si pana. Mimi niliomba uzi na kijiko.

"Wee Mama Nzilani, unataka kuvinunua ama kuvipikia?" Wacera akauliza.

Niligonga vyote saba. Sauti fupi, nene, halafu kimya. Havikuwa vipya; vilikuwa na mikwaruzo, na cha saba kilikuwa na kovu dogo kwenye unyayo, upande unaogusa nyasi. Vilikuwa ndugu wa tumbo moja.

"Tunavyo vingine saba," nikamwambia. "Tubadilishane."

Alivitazama vyetu vilivyong'aa, akasoma karatasi moja baada ya nyingine. "Kimetolewa na Mwenyekiti Urbanus. Kimetolewa na Mwalimu Muthoka. Ngai! Hawa wenyewe wanajua?"

"Ni zawadi. Vilitolewa mbele ya watu mia mbili, kwa kipaza sauti. Ni vya Nzilani."

Wacera alicheka mpaka akashika mlingoti wa kibanda. "Leta hapa. Vyuma viko na majina ya wakubwa vitatoka haraka kuliko mandazi. Lakini sikiza: nikishachukua, hakuna kurudisha. Hata hizo zenu zikivunjika hapo barabarani."

Hapo ndipo Nzilani aliponivuta pembeni. "Mwaitu, mimi ni mrefu. Hizi zimelala sana kwangu, shingo zimepindwa za mtu mfupi. Zitapeleka mpira kulia zote. Zinahitaji kupindwa shingoni, na zikiwa si za kufua, zitakatika. Uko na hakika?"

Niseme ukweli, hakika sikuwa nayo. Kama sikio langu lilikuwa limezeeka, tungebaki na mapande ya chuma siku kumi na mbili kabla ya mkaguzi, na bila kamati ya kutulilia. Nikamwambia Wacera, "Tumekubaliana."

Tulikwenda Mitaboni kwa kaka yangu Kaloki, aliyerithi karakana ya baba. Nilipaka masizi kwenye unyayo wa kila chuma, na Nzilani akapiga mpira kwa kila kimoja juu ya ubao, ili tuone unyayo unagusa wapi. Kila mara masizi yalifutika upande wa ncha, mbali na shingo. Chuma kilikuwa kimelala, kweli kama alivyosema.

Kaloki alikibana kichwa cha chuma cha nne kwenye jiliwa, akikizungushia ngozi ya mbuzi kisikwaruzike. Akaivisha shingo wenzo wa bomba.

"Nani amesema hii ni ya kufua?"

"Mimi."

"Si duka?"

"Mimi, Kaloki."

Hakuuliza tena. Aliegemea wenzo taratibu, bila moto, kama mtu anayesukuma mlango wa chumba alimolala mtoto. Nzilani alikuwa amefumba macho. Chuma kilitoa mlio mdogo, wa kulalamika tu, kikakubali. Kaloki alikipima kwa macho, akakisukuma tena kidogo.

"Kilichomiminwa kingekuwa vipande viwili sasa hivi," alisema. "Baba angemsifu huyu aliyekifua."

Tulivipinda vyote, masizi yakapakwa tena, ubao ukapigwa tena, hadi alama ikakaa katikati. Siku zilizobaki Nzilani alipiga navyo kila alfajiri kabla wanachama hawajaamka, na niliuona mpira ukianza kumtii.

Siku ya mkaguzi walifika wote. Walikuwa wamevaa kofia mpya. Mkaguzi, Bwana Macharia, alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye kalamu ya risasi nyuma ya sikio, na alikataa soda tatu alizoletewa na watu watatu tofauti.

Urbanus alisogea hadi kwenye mfuko wa Nzilani, akachungulia. Akachungulia tena.

"Chuma yangu iko wapi?"

"Haiko, Mwenyekiti," Nzilani akasema.

"Haiko namna gani?"

"Nilibadilisha."

"Na yangu?" Githinji akauliza.

"Yako ilikuwa ya mkono wa kushoto, Bwana Githinji."

"Nilikwambia utazoea!"

Mwalimu mkuu alisema kwamba katika miaka thelathini na mbili ya kufundisha hajaona utovu wa shukrani kama huo. Urbanus alikuwa amevimba shingo. Alimgeukia mkaguzi, akasema kwa sauti ya mikutano: "Bwana Macharia, kama kamati, hatuwezi kuunga mkono mchezaji huyu. Tulimpa vyuma vya mabingwa, ameenda kuokota vya mnadani. Ningekushauri usipoteze wakati."

Macharia aliitazama saa yake. "Mimi sikutumwa kutazama vyuma vya kamati. Nimetumwa kuona mpira unaenda wapi. Dada, anza."

Mzunguko wa kwanza wa mashimo tisa aliumaliza kwa mikwaju arobaini na mmoja. Waheshimiwa walifuata kwa mbali, wakikohoa kila alipotaka kupiga. Kwenye shimo la kumi na mbili mpira wake ulikwenda nyuma ya mikalitusi, na nilimwona akichukua chuma cha tano, akisimama ili mpira ukae nyuma kidogo, karibu na mguu wa kulia, akaupiga ukapita chini ya matawi kama panya chini ya mlango. Chuma kipana kisingeweza kufanya hivyo. Macharia aliandika kitu kwenye karatasi ambacho hakikuwa namba.

Alipofika shimo la mwisho alikuwa na mikwaju themanini. Minne zaidi, na si mitano. Nilijua, na Urbanus alijua, kwa kuwa alikuwa ameanza kuhesabu kwa sauti.

Mkwaju wa kwanza uliishia kando, juu ya changarawe ngumu. Mbele yake palikuwa na mtaro mpana, na ng'ambo ya mtaro nyasi laini za shimo. Alichukua chuma cha sita. Alipopiga, jiwe dogo liliutelezesha mguu wake, na nilisikia kabla sijaona kwamba hakuupiga mpira katikati. Aliupiga karibu na ncha.

Chuma cha Urbanus kingegeuka mkononi mwake na mpira ungelala mtaroni. Hiki kilimwambia kwamba amekosea. Nilimwona akikunja uso kwa uchungu wa mkono. Lakini hakikugeuka. Mpira ulikwenda chini, bila uzuri wowote, ukavuka mtaro kwa hatua mbili, ukasimama ukingoni mwa nyasi laini.

Akaudokoa kwa chuma kifupi, ukasimama hatua moja kutoka shimo. Akausukuma ndani.

Aliikagua karatasi ya mikwaju mara mbili, kidole kikipita shimo kwa shimo, kisha akaitia sahihi. Macharia naye akajumlisha mwenyewe, bila haraka.

"Themanini na nne. Uje tarehe moja, saa mbili asubuhi. Watoto wa kule wana kelele, ujiandae." Kisha akainua chuma cha sita, akakichungulia shingoni. "Nani alikupindia hivi?"

"Mjomba wangu, Mitaboni. Mama ndiye alichagua."

Macharia alinitazama, akavua kofia, akaivaa tena. Hilo lilinitosha.

Kufikia hapo Urbanus alikuwa amekwisha kupata kipaza sauti. Alikuwa amelifuta jasho na hasira kwa kitambaa kimoja, na uso wake ulikuwa wa baba mwenye harusi.

"Ndugu wanachama," alianza, "leo klabu yetu imezaa matunda. Huyu binti tumemlea wenyewe, na sisi kama kamati tangu mwanzo tulisema..."

"Mama Nzilani!" Githinji akaninong'oneza. "Keti, unatajwa sasa hivi."

"Nitataarifiwa," nikamwambia.

Nzilani alibeba mfuko begani. Nilimtolea changarawe iliyokuwa imenasa kwenye nyayo za viatu vyake, kisha tukapita kati ya viti nilivyokuwa nimevipanga mwenyewe asubuhi ile, tukatoka langoni. Mwenyekiti alikuwa bado anaeleza jinsi kamati ilivyochagua vyuma.